Nyuma ya Jicho la Majira

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, mkabala na kibanda cha vioo cha fundi saa. Ubao umebonyea katikati, kwa hiyo wanaoukalia, watake wasitake, huteleza mpaka wakabanana, na ndiyo maana pale hakuna siri. Asubuhi ile fundi saa mwenyewe, waliyembandika jina la Majira, alifunga kibanda mapema, akavuka barabara na miwani yake myeusi, akaketi pembeni kabisa. Alikuwa ameshakata shauri. Jicho lake moja lilikuwa linasukumwa nje na kitu asichokijua, na leo ndiyo ilikuwa siku ya kupigwa ultrasaundi ya nyuma ya jicho. Mke wake alishatangulia hospitali kushika foleni. Majira alitaka kikombe kimoja tu cha kahawa, kisha aende zake. Taabu ni kwamba hata siku ya miadi ya kwanza alitaka kikombe kimoja tu, maneno yakamkalisha pale hadi jua likapinda na zamu yake ikapita.

Muuza kahawa akammiminia. Huyu walimwita Redio, kwa sababu hasemi.

— Kwa hiyo unakwenda kweli? akauliza Waya, fundi umeme ambaye nyumbani kwake bado wanawasha mshumaa.

— Nakwenda.

— Ultrasaundi ni ya tumbo, akaingilia Kadi. Kadi alikuwa mwamuzi wa mpira zamani, na mpaka leo hawezi kuliona jambo likipita bila kulitolea hukumu. — Dada yangu alipigwa alipokuwa mjamzito. Wewe utaambiwa nini sasa? Jicho lako ni la kike au la kiume?

— Daktari kasema hata jicho linatazamwa kwa njia hiyo.

— Haya bwana. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

— Nani kawatukana wakunga?

— Methali haiulizwi, ndugu yangu. Inamezwa hivyo hivyo.

Waya akakohoa kidogo, kama kawaida yake akitaka kusema uongo wa kitaalamu.

— Ngojeni niwaeleze kiufundi. Ile mashine haitoi mwanga, inatoa sauti. Na sauti ni nini? Ni umeme uliopoa. Sasa ukiingiza sauti jichoni, itatokea wapi?

— Wapi?

— Sikioni. Hakuna tundu jingine. Utarudi hapa unaona vizuri, lakini tukikusalimia huitikii. Haba na haba hujaza kibaba.

— Acheni hizo, alisema Majira. — Nimeelezwa, na mimi nawaeleza. Jicho linakaa kwenye shimo la mfupa. Nyuma yake humo shimoni kuna misuli, kuna mafuta, kuna mshipa wa kuonea. Kitu kimevimba huko, kinalisukuma jicho lije mbele. Inaweza kuwa misuli, inaweza kuwa uvimbe wa maji, inaweza kuwa jambo jingine. Nafumba jicho, napakwa kitu cha ubaridi juu ya kope, wanapitisha kidude taratibu. Sauti inaingia, inagonga vilivyomo, inarudi, mashine inachora. Hakuna kisu, hakuna sindano.

Alisema yote kwa pumzi moja, maana alikuwa ameyakariri njia nzima. Yaliyobaki aliyameza na kahawa. Hakuwaambia kwamba siku hizi akitazama skrubu ya saa anaona mbili, ya kweli na ya uongo, na kibano chake kinakwenda kuidaka ya uongo. Hakuwaambia kwamba daktari alimwonya: mshipa ule ukibanwa muda mrefu, nuru itakwenda na haitarudi. Majira aliogopa, tena aliogopa sana. Lakini aliogopa zaidi kukaa pale.

Wakili alikuwa bado hajafungua mdomo, na kijiwe kizima kilijua kwamba hilo ni tishio. Sheria hakuisoma, jina alilipata kwa kushinda mahakamani akisikiliza kesi za watu.

— Nyinyi mnazunguka mbuyu, akasema. — Mbele ya jicho kuna nini? Dunia. Nyuma ya jicho kuna nini?

— Mafuta, nimeshasema.

— Kuna kumbukumbu. Kila ulichowahi kutazama kimeingia kwa mbele, na hakijatoka. Kimejaa huko nyuma. Ndiyo maana jicho linasukumwa, ghala limefurika. Sasa wanakuja kumulika ghala, na kwenye kioo cha mashine vitaanza kupita kimoja kimoja. Na nani atakuwa amesimama pale pembeni?

Waya alitazama huku na huku.

— Shemeji, alijibu Waya kwa sauti ya chini.

— Shemeji, akakubali Wakili. — Na mwenye macho haambiwi tazama.

— Hiyo ni nyekundu ya moja kwa moja, alisema Kadi. — Ningekuwa wewe nisingekwenda.

Walicheka, na Majira naye akacheka, na katika kucheka akateleza kidogo kuelekea katikati ya ubao. Hapo akashtuka. Ndivyo ilivyokuwa siku ile nyingine. Redio alikuwa ameshainamisha birika kumwongeza, lakini Majira akafunika kikombe kwa kiganja na kujivuta tena pembeni.

— Saa ikienda vibaya, akasema, — kabla sijaifungua mgongo, huwa naiweka sikioni. Nasikiliza kwanza ndipo nijue nishike bisibisi ipi. Daktari anataka kulisikiliza jicho langu, na nyinyi mnanishauri niliache lifie kimya. Nawapenda, lakini nakwenda.

Kabla hajainuka, akatokea mwanamke mmoja wasiyemjua, kakumbatia saa ya ukutani.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Namtafuta fundi saa, nimekuta kibanda kimefungwa.

— Ndiye huyu, Wakili akamwonyesha. — Ila ana ugonjwa wa jicho, anataka kwenda kupigwa masauti, na sisi kama ndugu zake tunamzuia kwa nia njema.

— Pole, fundi. Ni jicho lipi?

— La kushoto, alisema Kadi.

— La kulia, alisema Waya.

Wakatazamana. Wakamgeukia Wakili, naye akaanza kutafuta kitu kwenye mfuko wa shati.

— Kwa jinsi ninavyoifahamu kesi hii, akasema hatimaye, — ni yote.

Majira hakuwasaidia. Tangu mvua za mwanzo walikuwa wanalijadili jicho hilo asubuhi na jioni, na yeye mwenyewe alitaka kusikia.

— Ni lile linalouma, Kadi alijaribu.

— Haliumi.

Akavua miwani. Jicho la kulia lilikuwa limejitokeza mbele ya mwenzake, jekundu pembeni, na kope yake ya juu haikulifunika vizuri. Mwanamke yule alisema pole tena, kwa sauti ndogo. Wale watatu waliinamia vikombe vyao.

— Ile lenzi ninayobana jichoni nikiwa kazini, alisema Majira, — nilikuwa naibana kulia miaka yote. Nimeihamishia kushoto. Mmekaa hapa mkinitazama kila siku.

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililowauma.

Redio akainama, akamwaga maji juu ya makaa.

— Kahawa imekwisha, akasema.

Alipoliinua birika, wote walisikia kahawa tele ikicheza ndani. Hakuna aliyebisha. Wakili aliweka kikombe chini, Waya akakung'uta suruali, na Kadi alikuwa ameshasimama.

— Twendeni, akasema, — asije shemeji akapitwa na zamu.

— Mama, saa yako niletee kesho, Majira alimwambia mwanamke yule akivaa miwani. — Kushoto bado naona vizuri.

Barabarani magari yalikuwa mengi. Kadi akamshika mkono, akajiweka upande wa kulia, na safari hii hakukosea.