Amri Mbili, Mguu Mmoja

Chini ya mlima wa Mbuya, pale barabara inapokata kona kabla ya kupanda kambi ya jeshi, kuna benchi refu lililotupwa na kantini ya polisi na kuokotwa na Zulaika. Zulaika, ambaye wateja humwita Hajati, ni Mnubi, mjukuu wa askari, na kahawa yake ya tangawizi humwamsha hata aliyeapa kulala. Anayekaa benchi hilo hupewa jina kabla ya kupewa kikombe. Mzee Ocira, polisi mstaafu aliyekaa meza ya mapokezi miaka kumi na tisa, ni Gadi, jina la chumba cha zamu; mpaka leo huandika kila jambo la kijiweni kwenye daftari la jalada gumu, saa na dakika, kama kitabu cha matukio cha kituoni. Abdul-Latif ni Jaji kwa kuwa aliwahi kumwendesha hakimu. Bonny wa bodaboda ni Redio, na sababu usiulize. Otema, fundi wa sare za shule, ni Sajini, ingawa jeshini aliishia koplo, siku bomu la ardhini lilipomkata mguu wa kushoto chini ya goti. Usajini alipewa na benchi, na benchi halijawahi kumvua mtu cheo.

Asubuhi hiyo Otema alifika kabla kahawa haijachemka. Saa nne alitakiwa kwenye upimaji, kule wanakoamua nani bado anastahili msaada wa walemavu na nani anaweza kazi. Jina likifutwa, mguu mpya wa bandia hakuna. Na huu aliouvaa ulikuwa na ufa kuanzia kisigino kwenda juu, ameufunga kwa mpira wa tairi la baiskeli. Ukivunjika, nani atasimama siku nzima mezani kukata vitambaa vya sare arobaini? Tangu Jumanne alikuwa akishona mlango umefungwa, kama mpika gongo.

— Soma tena, Gadi, — alisema. — Labda tulisikia vibaya.

Ocira alivaa miwani, akalamba kidole, akafungua kitabu.

— Jumanne, saa tano na dakika ishirini. Otema arudi kutoka ofisini. Aripoti kwamba bwana wa mlango namba sita amesema: "Uje bila mguu wa bandia. Na tukikukuta na kazi, jina tunafuta." Alhamisi, saa nane kasoro dakika tano. Simu, namba imeandikwa pembeni, sauti juu, mashahidi wanne. Mama wa mlango namba saba asema: "Uje na mguu, na ulete ushahidi wa kazi yako. Asiyejishughulisha hatumpi."

— Hiyo milango iko mbali? — aliuliza Zulaika.

— Inatazamana. Mmoja akipiga chafya, mwenzake anamwambia pole.

— Banange, jamani! Nyumba moja, midomo miwili!

Jaji alikohoa. Jaji akikohoa hivyo, jua hukumu imeiva.

— Jambo liko wazi. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kwa hiyo cherehani tunaificha.

— We Jaji, hiyo methali inakataza kuficha!

— Inakataza kuficha uchi, Hajati. Cherehani imetajwa wapi?

— Cherehani si shida, — alidakia Bonny. — Shida ni vidole. Wako na mashine ya kunusa vidole. Inasema huyu alishika uzi, huyu alishika jembe.

— Umesikia wapi?

— Kabalagala. Kuna mtu anauza chipsi karibu na mtu anajua.

— Sasa nifanye nini? — aliuliza Otema, na mwenyewe akashangaa kwamba ameuliza.

— Sugua kitunguu.

Kalamu ya Ocira ilikuwa tayari inatembea.

— Saa mbili na dakika arobaini. Bonny adanganya. Mara ya kwanza leo.

— Sikiliza, Sajini, — Jaji alisogea karibu. — Mguu unautia mfukoni. Mlango wa sita unaingia bila mguu. Ukitoka, unauvaa, unaingia wa saba. Kila mkubwa anapata alichoagiza.

— Na wakinipimia koridoni, katikati?

Jaji alifikiri kidogo.

— Hapo unauvaa nusu.

— Mimi nasema hata asiende! — Bonny alisimama, kahawa ikamwagika. — Tunatuma mtu anafanana na yeye.

— Aliyekatwa mguu huohuo?

— Hata ya kulia ni sawa. Nani anaangalia? Ama nakubeba mimi, nakufunga na blanketi, unafumba macho. Nikikubonyeza, unasema aaah.

— Blanketi halitoshi, — alisema Jaji. — Afadhali aende kama maiti. Maiti hapimwi.

— Maiti anafutwa! — Zulaika alipiga makofi. — Nyinyi mmemzika mtu kabla ya kikombe cha pili!

— Hajati, njia ya mwongo ni fupi. Na huyu mwenye mguu mmoja, njia ndefu anaitakia nini?

Benchi zima lilitikisika kwa kicheko. Otema naye alicheka, kisha akaacha, kwa sababu watoto wa shule waliochelewa walikuwa wanapita na mikoba yao, sketi za kijani, mashati meupe, na kila pindo lililopita mbele yake lilikuwa lake. Mmoja alimpungia mkono: "Fundi! Shikamoo!" Otema aligeuza uso. Aligeuza uso kwa mtoto, kwa woga kwamba labda kuna mtu wa ofisi anasikia! Aibu ikampanda, na nyuma ya aibu hasira.

— Basi, — alisema. — Imetosha. Bomu lilichukua mguu. Kazi halikuchukua. Nilijifunza cherehani wodini hospitalini, kidonda bado kibichi. Leo niseme mimi si fundi? Kwa nini? Kwa sababu milango miwili haisemezani?

Hata Bonny alikaa.

— Jeshini, — aliendelea Otema, — ukipewa amri mbili zinazogongana, huchagui. Unaripoti. Unasimama wima unasema, afande, nimepokea amri mbili. Gadi, nipe kitabu.

Ocira alikikumbatia kitabu kifuani.

— Hapana.

— Ocira!

— Kitabu cha matukio hakitoki gadi. Sheria ni sheria. Hata mkubwa wa mkoa akitaka kukiona, anakuja mwenyewe.

— Mzee, mguu wa mtu uko humo ndani!

— Ningekuwa natoa kitabu kwa kila anayelia, kituo kingebaki na nini?

Zulaika alitua birika chini kwa kishindo.

— Kama kitabu hakitoki gadi, basi gadi itoke na kitabu. Mzee Ocira, inuka.

Ocira aliitazama barabara. Tangu astaafu hakuwahi kwenda mbali zaidi ya zahanati. Kisha akainuka taratibu, magoti yakilia, akakaza mkanda, akaandika akiwa amesimama, huku akitamka kila neno:

— Saa tatu na robo. Kitabu kimetoka gadi. Msindikizaji, Ocira. Sababu, haki.

Waliondoka watatu kwenye pikipiki moja, Bonny mbele, Otema katikati na mguu wake wenye ufa, Ocira nyuma na kitabu kifuani. Jaji aliwasindikiza kwa methali.

— Mshika mbili moja humponyoka! — alipaza sauti.

— Nyamaza wewe! — Zulaika alimjibu. — Huyo unamtakia mema au mabaya?

Saa saba honi ilianza kusikika kutoka kona ya chini, na haikunyamaza mpaka benchi. Bonny alishuka kabla pikipiki haijasimama vizuri.

— Tumeshinda! Watu elfu moja wamepiga makofi!

— Thelathini na mmoja, — alisema Ocira. — Niliwahesabu.

Zulaika hakumsikiliza yeyote. Alimtazama Otema tu.

— Jina?

Otema alitoa karatasi mfukoni, akainua juu, muhuri ukaonekana.

— Limebaki. Na mguu mpya. Wiki ijayo naenda kuchukuliwa vipimo.

Zulaika alipiga kigelegele, na duka la jirani likaitikia bila kujua ni cha nini. Jaji alisimama akapiga saluti kwa mkono wa kushoto.

— Sasa anza mwanzo, — alisema, — na usiruke kitu.

— Nimefika pale koridoni, — alianza Otema, — foleni mpaka mlangoni. Bwana wa sita ananiona, anasema, "Mzee, si nilikwambia uje bila mguu?" Kabla sijajibu, mama wa saba anatoa kichwa: "Na ushahidi wa kazi uko wapi?" Mimi nikasimama katikati, wima. Nikasema, "Afande, nimepokea amri mbili. Naomba mtoa amri wa kwanza asimame karibu na mtoa amri wa pili."

— Ulisema hivyo? Kwa mdomo huo?

— Kwa sauti ya paredi! — alisema Bonny. — Dirisha zimevunjika!

— Dirisha hakuna lililovunjika, — alisema Ocira. — Saa nne na dakika nane, nikasoma. Tarehe, saa, mlango, maneno. Bwana wa sita akasema hakusema. Nikamsomea tena. Mama wa saba akasema labda ilikuwa simu ya mtu mwingine. Nikamsomea namba yake ya simu.

— Na foleni?

— Foleni ikaamka, — alisema Otema. — Mmoja anasema, "Hata mimi niliambiwa nivue!" Mwingine, "Mimi niliambiwa nivae!" Wale wawili wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, huyu anasema waraka unasema hivi, yule anasema waraka ulibadilishwa. Makelele mpaka daktari akatoka. Mwanamke mfupi, miwani mikubwa. Ndiye mpimaji mwenyewe. Akaniuliza mimi, si wao: "Mzee, kazi yako ni nini?"

Watu wa benchi walisogea karibu. Kila mtu alijua hapo ndipo kitunguu, blanketi na maiti vilipotakiwa.

— Nikasema, "Fundi cherehani."

— Yesu! — alisema Bonny, ingawa alikuwepo.

— Akaniuliza, unashonaje? Nikamwambia, mguu wa kulia unapiga pedeli, wa kushoto unanisimamisha kukata. Akasema, nionyeshe. Nikakunja suruali. Akaona ufa, akaona mpira wa baiskeli. Akaugusa. Akauliza, "Ukivunjika huu, kazi inakuwaje?" Nikasema, "Inakwisha, daktari." Akawageukia wale wawili. "Mmesikia? Huyu anafanya kazi kwa sababu ana mguu. Msaada ni wa kumfanya aendelee. Sasa mlitaka tumnyang'anye ili tuthibitishe kwamba anauhitaji?"

— Walisema nini?

— Mmoja alitazama dari, — alisema Ocira. — Mwingine, viatu. Nimeandika.

— Kisha daktari akasema, kuanzia leo kila mtu aje kama anavyoishi siku zote, na aseme kweli. Akaandika, akabandika ukutani katikati ya milango yote miwili. Foleni ikapiga makofi.

— Na kitabu? — aliuliza Zulaika. — Mzee Ocira, mbona uso unang'aa hivyo?

Ocira alifungua ukurasa, akaugeuza waone. Chini ya mwandiko wake kulikuwa na sahihi tatu: mlango wa sita, mlango wa saba, na daktari, aliyeongeza kwa wino wa bluu: "Nimesoma. Kumbukumbu sahihi."

— Miaka kumi na tisa kituoni, — alisema, — hakuna mkubwa aliyewahi kuniandikia hivyo.

Walikuwa bado wanakipitisha kitabu mkono kwa mkono pale mwanamke mmoja alipofika kwa magongo mawili, jasho likimtiririka. Otema alimtambua, alikuwa naye kwenye foleni, mtu wa tano nyuma yake. Zulaika alimsogezea kiti.

— Nimewafuata kwa kuulizia njiani, — alisema akihema. — Samahani wazee, huyu wa bodaboda alitusimulia kwenye foleni mabishano yenu ya asubuhi, nami nina swali dogo. Hicho kitabu mlikuwa nacho tangu asubuhi?

— Tangu nistaafu, — alisema Ocira.

— Na maneno yote yalikuwa humo?

— Yote. Na saa zake.

— Sasa asubuhi nzima mlikuwa mnabishana nini?

Jaji alianza kuhesabu sarafu za kahawa. Bonny aligundua kwamba kioo cha pikipiki yake kina vumbi. Zulaika aliinamisha birika kwenye kikombe cha mgeni, likatoka tone moja.

— Kahawa imekwisha, — alisema. — Ngoja nibandike nyingine.

Ocira alivuta miwani, akafungua ukurasa mpya.

— Saa saba na dakika hamsini. Jina?

— Nerima. Mimi wa sita amesema moja, wa saba amesema lingine, na askari wa getini naye ana lake.

— Polepole, mama, — alisema Ocira. — Anza na askari wa getini.

Otema hakungoja kahawa. Alivuka barabara kwenda kibandani kwake, akachechemea bila kujificha, akasukuma milango yote miwili mpaka ikagonga ukuta. Akaivuta cherehani hadi kizingitini, penye mwanga. Muda si mrefu benchi likasikia pedeli, sauti ambayo halikuwa limeisikia tangu Jumanne, na wale watoto wa shule wa asubuhi walikuwa ndio wanarudi.

— Fundi! Shikamoo!

— Marahaba! — alijibu Otema, kwa sauti ya kusikika mpaka kambini. — Fundi yuko!