Maharagwe Niliyoyafunika Mapema

Wamama wenzangu, salamu kwenu nyote. Sijazoea kusimama mbele ya watu. Nitasema hivyo hivyo.

Mnajua vile tunachumiana majani chai: leo shamba la huyu, kesho la yule, na mwenye shamba anapika. Siku yangu ilipofika nilitaka kuchuma na nyinyi, si kubaki jikoni. Nilikuwa na kile kikapu cha blanketi tulichofundishwa kushona, unaweka sufuria moto ndani na chakula kinaiva chenyewe. Tulifundishwa pia maharagwe yachemke kwanza kwa nguvu, tena kwa muda. Hiyo nilisikia vizuri. Lakini kuni zilikuwa mbichi, na nyinyi mlikuwa mnaniita kutoka shambani. Maji yalipoanza tu kutoa mvuke, nikafunga kikapu nikakimbia.

Wakati wa kula, maharagwe yalikuwa magumu katikati. Mmoja wenu akanitania, "Mama, haya ni ya kula ama ya kupanda?" Tukacheka, tukala.

Kabla hatujapeleka majani kituoni yapimwe, mkaanza kutapika. Hata mimi. Wengi tulipata nafuu, lakini mama mmoja mzee, jirani yangu, hakupata, akaishiwa nguvu hata ya kukaa. Na ndiye alikuwa ametuletea mursik, yale maziwa ya kugandishwa kwenye kibuyu. Mtu akasema, "Ni hiyo maziwa!" Kibuyu chake kikamwagwa akiangalia, amelala kwenye nyasi.

Ndugu zangu, mimi nilijua. Nilinyamaza. Niliogopa mtasema huyu mtu wa kuja ametulisha sumu.

Tulimpeleka kwa boda hadi hospitali ya Longisa, na nesi akauliza mgonjwa amekula nini. Binti yake akajibu, "Maziwa yake mwenyewe." Mama akageuza uso akaangalia ukuta. Hapo nikashindwa. Nikasema, "Si maziwa. Ni maharagwe yangu. Sikuyachemsha."

Nesi hakunigombeza. Alisema maharagwe mekundu yana sumu yake ya asili. Yakichemka sana inaisha, lakini ukiyapa joto kidogo tu inabaki, hata inaweza kuzidi. Yule mama aliwekewa maji ya mishipa, akapona. Mimi ndiye sikupona. Nilikuwa napita njia ya chini ili nisikutane naye, na kuchuma na nyinyi nikaacha. Kuugua kulikuwa kosa la haraka. Ile aibu aliyobeba akiwa mgonjwa, hiyo nilimbebesha nikiwa na akili zangu zote, na bado inaniuma.

Asanteni mliochuma majani yangu nikiwa nimejificha. Asante kijana wa boda aliyetufikisha. Na nawaomba: loweka maharagwe, mwaga hayo maji, weka mengine, chemsha yatokote sana kabla hujafikiria kikapu. Na ukikosea, sema mapema, mgonjwa atibiwe na jina la mtu lisichafuke.

Jumatano mnakuja kuchuma kwangu. Jana yule mama alikuja mpaka mlangoni, akaniambia nipike maharagwe. Amesema sahani ya kwanza ni yake.