Bi Natalia Nandonde na Swali la "Umeipata Wapi?"

Tarehe 30 Juni 2004 Bi Natalia Nandonde anastaafu, baada ya kututumikia miaka kumi na minane na miezi minne. Miaka hiyo nimeihesabu kutoka kwenye barua yake ya ajira, nikiwa nimeishika mkononi. Wanaomfahamu hapa kituo cha walimu Lindi wanajua kwa nini.

Alianza kama mtunza maktaba wa semina za walimu, kadi za vitabu akizihifadhi katika maboksi ya viatu aliyopewa dukani kwa Valimohamed. Walimu walipoanza kusoma uzamili huku wakiendelea kufundisha, akakabidhiwa somo la kutafuta taarifa na kuzipima. Biashara huria nayo ikatuletea vibanda vya fotokopi, tukavivamia kama ubwabwa wa harusi. Tulimpelekea mafungu ya kurasa zisizo na jalada wala mwandishi. Aliziita mayatima, akaturudisha kibandani tukawatafute wazazi wao. Swali lake lilikuwa moja kwa kila mtu: umeipata wapi? Hata mshenga aliyekuja kumposa binti yake Angela aliulizwa sifa za bwana harusi kazipata wapi.

Mwaka 2001 swali hilo lilinikaba mimi, Ismael Tawakali, wakati huo mwalimu Songo Mnara. Tasnifu yangu nzima ilisimama juu ya tarakimu moja: kwamba pwani yetu, katika kila watoto mia, sitini na wawili huacha shule. Iliniuma kuwaandika hivyo watoto wa majirani zangu, lakini tasnifu nne kabla yangu zilisema hivyo. Mtahini akanipa wiki tatu nionyeshe chanzo, la sivyo nimefeli.

Bi Natalia aliigeuza shida yangu kuwa somo la darasa zima. Siku mbili tulifuata nyayo. Tasnifu ya nne iliitoa kwa ya tatu, ya tatu kwa ya pili, ya pili kwa ya kwanza, na ya kwanza kwenye karatasi ya semina ya 1989 isiyo na jina. Aliishika karatasi ile, akaisoma. Kisha akafungua kabati, akatoa faili lake la zamani, akatusomea mbele ya darasa la walimu ishirini na sita. Karatasi ile aliichapa yeye. Tarakimu ilihusu shule moja tu, mwaka ambao upepo uliezua paa lake. Yeye aliandika "pwani".

Angeweza kulirudisha faili kabatini bila kutusomea, na hakuna ambaye angejua. Nakiri kwamba mimi ningelirudisha. Yeye alimwandikia mtahini, nikaongezewa miezi mitatu, nikazunguka shule tisa nikipekua madaftari ya mahudhurio. Watoto wengi walikuwa wanamaliza. Nilifaulu, na majirani zangu nikawaandika kwa haki. Katika zile tasnifu nne alibandika kikaratasi: "Kosa hili ni langu. Tafadhali usilinakili. N. Nandonde." Vikaratasi hivyo vipo hadi leo.

Ahsante, Bi Natalia. Mungu akujalie afya na mapumziko matamu kwenye mikorosho yako ya Mingoyo.

Rasimu ya wasifu huu nilimpelekea aipitie. Penye sentensi isemayo kwamba sijaona mwalimu mkweli kama yeye, ameandika kwa penseli: umeipata wapi?

Nimeipata kabatini mwako, mama, siku ile, mimi na wenzangu ishirini na watano.