Mama Seli na Makala Iliyokataa Kuzikwa

Ndugu, majirani na wenzetu wa chuo, familia imetutuma tuwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wanafunzi walimwita Mama Seli, jina alilolipenda kuliko uprofesa.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko la nguo, akasoma shule ya msingi ya mtaa huo kuanzia mwaka 1964, kisha sekondari ya bweni, ambako wenzake walipokwenda kucheza yeye alibaki akitazama ngozi ya kitunguu kwa hadubini yenye lenzi iliyopasuka. Alihitimu shahada ya kwanza mwaka 1981 na uzamivu mwaka 1988, akaajiriwa mwaka huohuo katika maabara ya seli ya chuo kikuu, ghorofa ya pili, chumba kisicho na dirisha.

Tarehe 9 Agosti 1986 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, wakajaliwa watoto wawili, wa kiume ambaye ni fundi umeme, na wa kike ambaye ni mhasibu.

Mwaka 1993 alichapisha makala kuhusu namna seli za figo zinavyokufa, ambayo ndiyo iliyompa uprofesa, ikanukuliwa na watafiti wa kila pembe, na kila aliyeinukuu alijenga juu yake. Mwaka 2010 mwanafunzi wake alizipima upya seli zilezile zilizohifadhiwa kwenye friza, zikaonekana si za figo, bali za uvimbe wa mwanamke aliyefariki zamani, zilizokuwa zikikuzwa chumba hichohicho, kwa kuwa chupa moja ya maji ya kulishia seli ilitumika kwa aina zote mbili, tone moja likavuka, na za uvimbe, ambazo hukua upesi, zikazimeza za figo. Mama Seli akasema, "Miaka yote hii nimeandika habari za marehemu, na hata jina lake silijui."

Wenzake walimsihi, "Profesa, yaliyopita si ndwele," naye akawajibu, "Hii ni ndwele, na yajayo ndiyo yanayoambukizwa," akaliandikia jarida, na Mei 2011 makala ikabatilishwa.

Lakini makala haikukubali kufa. Kila asubuhi, kabla ya chai, alifungua kompyuta akawakuta watu wapya wameinukuu, akawaandikia mmoja mmoja kwa adabu, wachache wakajibu, na mmoja alimshukuru kwa kazi nzuri, kisha akainukuu tena. Friji ya nyumbani ikinguruma kama friza ya maabara, aliweka kijiko chini akasikiliza. Mumewe alimwambia, "Mama watoto, hiyo ulishaizika, mbona bado unaiamkia?" Akasema, "Nimeizika, Mwalimu, lakini inatembea."

Oktoba 2023 alianza kuumwa ubavu, akapelekwa hospitali, na siku ya kukatwa kinyama cha kupima aliomba kichupa kiandikwe jina lake mbele ya macho yake. Daktari akacheka, "Mama, huniamini?" Naye akasema, "Nakuamini, mwanangu, chupa ndiyo siiamini." Ulikuwa uvimbe wa ini. Alifariki Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Chuo kimetuletea salamu zinazosema makala ya mwaka 1993 imenukuliwa zaidi ya mara elfu nne, nasi tunaisoma idadi hiyo kama alivyotuusia, pamoja na neno hili, kwamba makala hiyo ilibatilishwa na mwandishi wake mwenyewe, na seli zake, za mwanamke tusiyemjua, zingali hai ghorofa ya pili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliokaa nasi tangu Jumanne, na wenzake wa maabara, ambao tunawaomba wawaambie wanafunzi wao wasiinukuu makala hiyo. Jana asubuhi binti yake, asiyejua lolote kuhusu seli, alifungua kompyuta ya mama yake, akakuta makala imenukuliwa tena, siku moja baada ya kifo, akavuta kiti akakaa.

Pumzika kwa amani, dada yetu, barua ya jana imeshatumwa.