Mzee Mizani na Mshale Uliopanda

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Mizani, alizaliwa tarehe 9 Machi 1952 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha nguo, mtoto wa kwanza wa mpakia marobota na mshona magunia.

Alianza shule mwaka 1960. Siku moja mwalimu alimkuta amekalia kiti, amekishika kwa mikono miwili, anakivuta juu hadi mishipa imemtoka shingoni. Alitaka kujua kwa nini hapai, ilhali ana nguvu za kumbeba mwenzake mnene. Mwalimu alieleza, darasa likacheka, naye hakuridhika, akatuletea swali lile lile nyumbani.

Mwaka 1973 alihitimu chuo cha ufundi, akaajiriwa kuwa fundi wa lifti katika jengo la ghorofa kumi, kazi aliyoifanya hadi kustaafu. Mkobani, pamoja na spana, haikukosekana mizani ndogo ya kupimia watu. Ndani ya lifti hiyo ndimo alimokutana na karani wa ghorofa ya saba.

"Dada, hebu simama hapa."

"We fundi una wazimu? Unipime mbele za watu?"

Alisimama hata hivyo. Lifti ilipoanza kushuka, mshale ukarudi nyuma.

"Umeona? Nyama ni zile zile, ila sakafu inakukimbia."

Karani hakuelewa hata kidogo, lakini kesho yake alirudi. Walifunga ndoa tarehe 4 Agosti 1979, wakajaliwa watoto wawili.

Ugonjwa wa tumbo ulimwanza mwaka jana. Alikonda, nguo zikampwaya. Shemeji yangu, yule yule karani wa lifti, alikuwa na swali moja tu, atapona au hatapona, na tumaini lake lote akaliweka kwenye kilo. Mwezi Januari, wakienda kliniki ya ghorofa ya tano, marehemu alisimama juu ya mizani yake ndani ya lifti. Lifti ikaanza kupanda, mshale nao ukapanda. Shemeji alipiga vigelegele mle mle, akatupigia simu ndugu wote, nasi tukashangilia kama wajinga. Jioni ndipo marehemu alipomwambia.

"Mama watoto, ile ilikuwa lifti."

"Ulijua, ukaniacha nifurahi?"

"Nilitaka kukuona unacheka."

Shemeji alinuna, kisha akadai mizani iwekwe sakafuni. Akasoma mwenyewe, akalia. Tangu siku hiyo hakumlazimisha tena kula. Alikaa naye tu.

Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 17 Mei mwaka huu, ameshikana mkono na mkewe.

Godoro upande wake lina bonde. Shemeji amekataa ligeuzwe, na bado anatuuliza mtu aliyekuwa mwepesi vile ameachaje bonde kubwa kiasi hicho. Wa kumjibu ndiye tunayemzika.

Ameacha mjane, binti, mwana wa kiume, wajukuu watatu, na mdogo wake anayesoma haya. Kaka, pumzika kwa amani. Hakuna wa kukupima tena.