Majina ya Darasa la Kushona

Jawaher, funga mlango. Mahfoudh, kaa, na hiyo simu izime. Pumzi nnayo ndogo, wanangu, na neno langu moja: orodha ya wanawake wa darasa la Hamriya asipewe mtu.

Watu wanaliita darasa la kushona. Vyerehani sita vipo, na tangu mwaka tisini na tatu hakijatoka pale hata kitambaa cha meza. Tulikuwa tunasoma Kiarabu. Sie tuliorudi huku Omani kutoka Unguja tukiwa watu wazima, Msahafu tunausoma, lakini karatasi ya hospitali hatujui inasema nini, na waume zetu wakubwa wizarani. Nani angekubali kuonekana anaingia kisomoni? Tukasema tunashona.

Wafadhili tuliwaeleza kweli, wakakubali. Miaka minane wamelipa kodi ya chumba na mshahara wa mwalimu, sikuwaona na ubaya. Mwaka huu kaja Hatem, msimamizi wao mpya, kaniita mshirika, kisha akatoa fomu: majina, picha na nambari za simu za waliojua kusoma, wapate kuchapisha kitabu cha mafanikio. Nikamwambia wenyewe hawataki. Akacheka: "Bi Kheiria, kwani sisi si kitu kimoja?" Mtu akinambia sisi kitu kimoja huku ananisogezea kalamu, mie humtazama mikono.

Sasa nasikia, Mahfoudh, kanywa kahawa kwako Al Khoudh mara mbili. Usinambie alikuja kunitazama mgonjwa; mgonjwa nimelala hapa Wattaya. Sisemi Hatem mwizi. Nasema ana wakubwa wa kuwaridhisha, na anataka kuwaridhisha kwa sitara ya wenzangu.

Unakumbuka barua ya mwalimu wako, uliponiletea nikasema miwani imepotea? Haikupotea. Nilikuwa nimeikalia. Nilikuwa sijui kilichoandikwa, na nikaona haya kwa mtoto wangu wa miaka tisa. Mwanafunzi wa kwanza wa darasa lile ni mama yenu, na umri wangu ulikuwa hamsini.

Basi wakitaka jina, wapeni langu, na picha yangu ya paspoti. Wenzako kazini watakucheka, Mahfoudh. Wawache wacheke. Wafadhili wakisema halitoshi, wachukue vyerehani vyao, wao ndio walionunua. Nyumba hii mtagawana kwa sharia, ila sebule naitoa katika thuluthi yangu ya wasia, darasa lihamie humu. Jawaher ndiye atakayelishika, na asisimamiwe na mtu yeyote asiyekaa akasoma na wale wanawake.

Nipe maji... Basi, yatosha.

Mwenyezi Mungu akusitiri, Jawaher, wewe na kizazi chako. Radhi zangu unazo. Zako, Mahfoudh... Sema kwanza. Sema utawapa jina langu tu. Usitikise kichwa, baba, macho... sikuoni. Sema.