Punda Kwenye Kiti cha Kinyozi

Benchi lenyewe lilikuwa ubao wa mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda cha fundi saa, na bado lilikuwa na tundu la ufunguo. Wenye benchi walikuwa watatu. Fundi aliitwa Dakika Mbili, maana ndiyo ahadi aliyompa kila mteja, hata saa ikae kwake miezi. Nukta alikuwa mwalimu mstaafu, anayeweza kukukatiza katikati ya habari ya msiba ili akusahihishie neno. Wa tatu, Breki, alikuwa dereva wa lori ambaye akishaanza kusema hasimami. Asubuhi hiyo kikombe cha kwanza cha kahawa kilipita kimyakimya, kwa sababu Dakika Mbili alikuwa ameinamia simu kama anayesoma majibu ya hospitali.

— Vipi, umefiwa? Breki akauliza.

— Binti yangu ametuma punda.

Wakasogea. Kwenye kundi la familia kulikuwa na katuni: punda ameketi kwenye kiti cha kinyozi, shuka jeupe shingoni, anajitazama kwenye kioo. Nyuma yake kinyozi, sungura, kashika mkasi, mdomo wazi. Juu ya punda kulikuwa na kile kiputo cha maneno, kitupu. Chini yake binti ameandika: “Jazeni maneno. Atakayenichekesha, mchoro ni wake.”

Benchi zima lilijua kisa cha binti huyo. Miezi minne nyuma alitangaza kwamba ameacha kazi ya ofisini ili achore katuni. Baba yake akamwuliza, mbele ya shangazi zake, kama kuna mtu mzima anayekula kwa kuchora punda. Binti akabeba begi. Tangu siku hiyo salamu zilipitia kwa mama: “Mwambie baba namsalimu.” Basi. Sasa punda huyu hapa, kundini, na baba naye yumo kundini.

— Wengine wameandika nini? Nukta akauliza.

— Shangazi yake kaandika, “Nipunguzie pembeni tu.”

— Kacheka?

— Kaweka kidole gumba.

— Kidole gumba si kicheko. Hiyo ni risiti.

— Basi andika hivi, Breki akasema. “Ninyoe nifanane na picha ya kitambulisho changu.”

— Kinachochekesha hapo nini?

— Hujaiona picha ya kitambulisho changu wewe.

Nukta akajiweka sawa.

— Punda aseme, “Bwana kinyozi, kata nywele, usinikate kauli.” Mnaona? Kukata na kukata.

— Mwalimu, hicho kichekesho kina daftari na rula.

Dakika Mbili akaandika, akafuta. Akaandika tena, akafuta. Mikono inayoshika skrubu ndogo kuliko chawa ilikuwa ikikosea herufi.

— Ngojeni kwanza, Breki akasema, macho yamemtoka. Sungura ni binti. Punda ni wewe!

— Mimi?

— Masikio yote hayo na husikii la mtu. Na mkasi kashika nani?

— Kioo je? Nukta akauliza, naye keshaingia.

— Kioo ni mama yake. Salamu si zinapitia hapo?

— Na kiti?

— Kiti ni urithi.

— Urithi upi? Dakika Mbili akasema. Nina saa kumi na saba, zote za watu.

— Ndivyo wanavyoanza! Ukijaza neno moja, umekiri. Usiandike kitu bila wakili.

— Kama mimi ni punda, acha niwe punda, fundi akasema polepole. Nataka acheke tu. Akicheka atanijibu.

Hapo akatokea mwanamke mwenye sare ya uuguzi, amekumbatia saa ya ukutani. Walikuwa hawajawahi kumwona.

— Shikamooni.

— Marahaba.

Breki akamsimulia yote, pamoja na urithi. Mwanamke akaitazama simu.

— Huyo binti yako, baba, huwa anachekeshwa na nini?

Dakika Mbili akaipokea ile saa ya ukutani, akaigeuza nyuma. Alijua kila saa ya mtaa ule inasimamishwa na nini. Kicheko cha binti yake alikikumbuka cha umri wa miaka sita, akichekea kwikwi zake mwenyewe. Baada ya hapo alikumbuka mlango wa chumba uliofungwa na kicheko nyuma yake, naye akibisha hodi kusema punguza kelele.

Breki akakohoa. Nukta akainamisha chupa ya kahawa. Yakatoka matone mawili.

Fundi akabandika jichoni kile kioo chake cha kukuzia, akaivuta simu karibu. Akatazama kwa muda mrefu, kama anavyotazama tumbo la saa. Halafu akaandika, na safari hii hakufuta:

“Maneno yamenishinda. Ila nimeziona nywele za sakafuni. Kila unywele una kivuli chake. Hiyo ni kazi ya fundi mwanangu.”

Nukta aliona panahitajika mkato kabla ya “mwanangu”. Akajizuia, kwa taabu.

Hakikuja kidole gumba. Simu ikaita.

— Baba, sauti ikasema. Hakuna mwingine aliyeziona.



— Hao wengine, mama, fundi akamjibu binti yake, wanatazama punda.

Upande wa pili mtu akaangua kicheko, kirefu, hadi kikasikika benchi zima. Dakika Mbili akainuka, akaingia kibandani na simu sikioni, akavuta mlango.

Breki akamgusa Nukta kwa kiwiko.

— Mwalimu, hapo kilichochekesha ni nini?

Nukta akafikiri, akamtazama muuguzi. Muuguzi naye hakujua.